Mbwa Aliyelelewa Kama Ndama

Mama yangu hajawahi kulea mnyama akakonda. Ndama wake hung'aa hadi wapita njia hupunguza mwendo kuwatazama, naye hujifanya hawaoni. Kwa hiyo tulipompelekea mtoto wa mbwa kule Mau Narok, chakula hakikuwa miongoni mwa mambo yaliyonikosesha usingizi. Nilikuwa na mengine. Mimi ni mtu wa kuwa na mengine kila wakati. Nikikosa la kuhangaikia huanza kupanga upya makopo ya vifungo.

Nashona sare za shule mjini Nakuru. Kaka yangu, mkubwa wangu, yuko Nairobi. Tangu Baba atutoke, Mama amebaki peke yake kwenye shamba ambalo babu alikatiwa wakati mashamba ya wazungu yalipogawanywa: nyumba ya mbao, tangi la maji, zizi, na kipande cha malisho kinachopakana na ngano ya watu wengine. Jirani wa karibu yuko ng'ambo ya ngano hiyo. Ukimwita kwa sauti kubwa atakusikia, lakini Mama si mtu wa kuita. Alituambia tangu tukiwa wadogo kwamba mtu anayesimama barabarani kuongea ni mtu ambaye ng'ombe wake hawajakamuliwa.

Kabla ya Krismasi iliyopita, wezi walikata waya wa ua wakaondoka na mitamba wawili. Mama alikuwa amelala. Asubuhi alikuta waya umelala chini na nyayo kwenye matope. Lililotuumiza zaidi si mitamba. Kwenye ngazi ya mlango wa jikoni alikuwa ameacha kopo la maziwa, na wale watu waliyanywa, kisha wakalirudisha kopo mahali pake na kulifunika vizuri. Walisimama hapo, ubao mmoja tu kati yao na kitanda chake, wakanywa maziwa bila haraka. Hadi leo nakikumbuka kile kifuniko.

Watu wa barabara ile walikuja kumpa pole. Walisimama uani wakishika kofia mkononi kama wageni, na kwa kweli walikuwa wageni. Hakuna aliyesikia chochote. Mama aliwapa chai, akawashukuru, akarudi zizini.

Kaka alikuja na uamuzi wake tayari. Yeye hufanya mambo yote kwa tarehe.

"Mum, hapa huwezi kaa peke yako tena. Unahamia Nakuru kwa huyu, ama..."

"Ama nini?" Mama akauliza.

Kaka hakuwa na ama yoyote. Ilimtoka tu mdomoni.

"Ama mniletee mbwa," Mama akasema. "Mbwa wa maana. Sio hizi za kubwekea kuku."

Walibishana hadi chai ikapoa, na mwisho wakakubaliana hivi: mbwa ataletwa, na ikifika mwezi wa nane kaka atakuja kujionea mwenyewe. Akikuta pale mbwa wa kumfanya mwizi ageuke, Mama atabaki. Akikosa, ng'ombe watauzwa na Mama atakuja kuishi kwangu. Mama alisikiliza, akainuka, akachukua ndoo ya kukamulia. Alipofika mlangoni alisema, "Mwezi wa nane. Sawa."

Nyumbani kwangu kuna chumba kinachotazama barabara, na wiki hiyohiyo nilikinunulia kitanda. Nilitaka mbwa yule akue haraka na nilitaka asikue. Nilitaka Mama abaki na ng'ombe wake, na nilitaka pia kumsikia akikohoa chumba cha pili nikajua yuko hai. Kila jioni saa moja nilimpigia simu. Mtandao ndani ya boma lile huokotwa kando ya tangi la maji peke yake, kwa hiyo asipokuwa kando ya tangi, simu haiingii. Simu isipoingia nilikuwa napiga pasi kola ileile mara mbili, nazima pasi, nawasha tena. Nilijaribu kusali pia, lakini hata sala niliisali nikizunguka meza.

Mtoto wa mbwa alikuwa wa aina ile wanayoiita Boerboel, rangi ya ugali wa mtama, kichwa kipana, nyayo kubwa kuliko mwili. Jina lake silitaji, maana kila boma la tatu kule Mau lina mbwa wa jina hilohilo. Tulimkabidhi mwezi wa kwanza. Mama alimpokea, akamgeuza tumbo juu, akamfungua mdomo na kumtazama meno, akamshika mguu kama anayepima mkungu wa ndizi.

"Mifupa ipo," alisema. "Sasa ni kazi yangu."

Na kazi aliifanya. Asubuhi mbwa alikunywa maziwa ya moto yaliyochanganywa na uji. Mchana ugali na omena. Jioni ugali tena, na vichwa vya kuku, na mifupa ambayo mwenye bucha alimwekea. Juu ya kila sahani Mama alinyunyiza unga wa madini wa ng'ombe, ule mweupe wa kwenye ndoo, kiganja kizima, kwa sababu ndama waliokula unga ule walisimama imara kuliko ndama wote wa mtaa. Kila Jumamosi alichukua utepe wa kupimia ng'ombe, ule wa duka la agrovet, unaozungushwa kifuani nyuma ya miguu ya mbele ukasomwa kilo. Kilo za utepe ule ni za ng'ombe. Mbwa haingii humo hata kidogo, lakini Mama hakujali. Alichotaka ni kuuona utepe ukisogea.

"Ameongeza," alikuwa akiniambia kwenye simu.

"Ameongeza ngapi?"

"Ameongeza tu. Utamwona."

Ili miguu ipate nguvu, alimfundisha kukimbia nyuma ya pikipiki inayobeba maziwa kwenda kituoni. Mwenye pikipiki alikuwa kijana mwenye jaketi la mvua lisilovuliwa hata jua likiwaka. Mitungi ilipokwisha kufungwa, Mama alimwachilia mbwa, na yule mtoto, ambaye hata sauti yake haikuwa imekomaa, alikimbia kwenye barabara ile ya murram yenye mawe hadi kituoni na kurudi. Mama alisimama langoni akimsubiri. Akifika amelegea ulimi nje, alipewa maziwa mengine.

Mimi niliyasikia hayo yote kwa simu na sikuona kosa. Kwetu mtoto anayekua hulishwa na kukimbizwa. Sisi wenyewe tulikimbia kwenda shule na kurudi, hakuna aliyetuuliza kuhusu magoti.

Mwezi wa nne, mvua zikiwa zimeanza, nilipanda kwenda kumwona. Mbwa alikuja kunilaki langoni na nikasahau salamu. Alikuwa mkubwa kweli, mnene, manyoya yanang'aa. Lakini miguu ya mbele ilikuwa imefunguka nje, mmoja ukielekea Njoro na mwingine Narok, na juu ya kila wayo kulikuwa na kifundo kilichovimba kama limau. Alinifikia, akanusa gauni, kisha akaketi chini kwa kishindo, kama mzee aliyepata kiti baada ya ibada ndefu.

"Anaketi sana?" nikauliza.

"Ni uzito. Anakua."

"Na pikipiki?"

Mama aliangalia pembeni. "Siku hizi anaishia pale kwa daraja. Ni mvivu kidogo."

Nilipomshika kile kifundo, mbwa alilia. Hakulia kwa kelele, alitoa mlio mmoja mwembamba usiofanana na kichwa chake. Mama aliukaza mdomo. Namjua, hiyo ndiyo sura yake ya hofu, na ni sawasawa na sura yake ya hasira.

Kesho yake tulimpakia kwenye gari langu tukashuka naye hadi Njoro kwa daktari wa mifugo, mwanamke kijana mwenye mikono ya kazi. Alimtazama mbwa akitembea kutoka mlangoni hadi mezani, akauliza anakula nini. Mama alimtajia, na alitaja kwa fahari: maziwa, uji, omena, mifupa, ule unga. Aliongeza pikipiki mwenyewe, bila kuulizwa.

Daktari alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alichukua mkono wa Mama akauweka ubavuni mwa mbwa.

"Mama, tafuta mbavu."

Mama alitafuta. "Sizisikii."

"Zinafaa zisionekane, lakini ukigusa uzisikie. Huyu amebeba mwili mkubwa na mifupa bado ni laini. Ni kama umejenga ghorofa na slab haijakauka."

"Ndio maana nikampa unga wa mifupa."

"Hiyo calcium ndio imeharibu zaidi. Puppy wa breed kubwa akiwa mdogo, mwili haujui kukataa. Ukimpa nyingi, inaingia yote, mifupa inakua vibaya. Mama, huyu si ndama."

Mama amewahi kushinda na ndama wake kwenye maonyesho ya kilimo; kuambiwa kwamba kitu fulani si ndama ilikuwa kama kuambiwa hajui kusoma. Nilitamani kumtetea na nilitamani kumkaripia, nikabaki nafungua na kufunga mkoba.

"Miguu itanyooka?" nikauliza.

"Inaweza. Bado ni mdogo. Lakini sitoi ahadi." Akaeleza, na alimweleza Mama, si mimi. Unga wa ng'ombe ukome leo. Maziwa yakome. Apewe chakula cha mbwa wadogo wa aina kubwa, kwa kikombe cha kupimia, mara tatu kwa siku, baadaye mara mbili, na hata akiomba kwa macho asiongezewe. Asikimbizwe nyuma ya kitu chochote. Atembezwe kwa kamba asubuhi na jioni, polepole, pembeni penye nyasi, na akichoka wapumzike mpaka yeye mwenyewe ainuke. Akitaka kucheza uani kwa hiari yake, aachwe.

"Atakomaa lini?" Mama akauliza.

"Hawa wakubwa hukawia. Mwaka na nusu. Wengine miwili."

Kurudi tulipanda mlima, mvua ikipiga kioo, mbwa akikoroma nyuma. Tulipofika pale ngano inapoanza, Mama alisema, "Mwaka na nusu."

"Ndiyo."

"Na mtoto wangu wa kwanza amenipa mpaka mwezi wa nane."

Miezi yote ile nilidhani amemlisha vile kwa mazoea, kwa mapenzi, kwa ukaidi wake wa kawaida. Kumbe kila kiganja cha ule unga kilikuwa haraka. Alikuwa anashindana na kalenda ya kaka, na miguu ya mbwa ndiyo iliyolipa. Methali zetu zote za polepole nadhani zilitungwa na watu ambao hakuna aliyewawekea tarehe.

"Umenunua kitanda," alisema baadaye. Haikuwa swali. Kaka ndiye aliyemwambia, bila shaka.

"Nimenunua."

"Cha watu wangapi?"

"Cha mmoja."

"Na huyu atalala wapi?" Akaelekeza kidole gumba nyuma. Nilicheka ingawa sikutaka, naye akacheka, na mbwa akaamka.

Tangu siku hiyo utepe ulitundikwa msumarini ukabaki hapo. Mama alikata kamba ya ndama, akaitia mbwa shingoni, akavaa mabuti yake ya mpira na sweta la Baba, akatoka langoni. Ni lazima nieleze jambo hili ili mtu wa mbali alielewe. Kule kwetu mbwa hufungwa mnyororo mchana na kufunguliwa usiku. Kamba ya mkononi ni ya mbuzi na ng'ombe, na ukionekana nayo barabarani unaenda sokoni au dipu kuogesha mifugo. Mwanamke wa umri wa Mama kutembeza mbwa kwa kamba, bila kwenda popote, polepole kama msafara wa harusi, lilikuwa jambo la watu kutoka ndani na unga mikononi kulitazama.

"Shosho, hiyo unapeleka soko gani?" mzee anayeuza viazi kando ya barabara alimwuliza siku ya kwanza. Ana ndoo zake zimepangwa chini ya nailoni, na hakuna kinachopita asikione.

"Haiuzwi. Ni mgonjwa."

"Mgonjwa si apelekwe hosi?"

"Ametoka. Hii ndio dawa."

Haya alinisimulia mwenyewe kwenye simu, kwa uchungu. Aliona aibu. Alisema amegeuka kuwa kichekesho kwa sababu ya yule binti daktari wa Njoro. Lakini asubuhi iliyofuata alitoka tena, kwa sababu Mama akishika utaratibu wa kulea kitu haachi.

Mwezi wa sita nilienda nikatembea naye mara moja, na mara hiyo ilinitosha. Sijawahi kuteswa vile. Mbwa anapiga hatua chache, anasimama, ananusa nyasi moja kama anayesoma barua ya benki. Mama anasimama. Mimi nimeshatangulia, nimerudi, nimetangulia tena. Mbele ya kibanda cha viazi mbwa aliketi, na hapo tukakaa mpaka miguu ikaota mizizi.

"Mvute kidogo," nikasema.

"Havutwi."

"Tutafika saa ngapi?"

"Wapi?" Mama akauliza.

Yule mzee aliondoka kwenye ndoo zake, akainama, akaweka kiganja ubavuni mwa mbwa. "Leo nazisikia," alisema. "Tatu hizi."

"Juzi zilikuwa mbili," Mama akamjibu, kama watu wanaoongea kuhusu mvua.

Ilikuwa vivyo hivyo njia nzima. Mwanamke wa nyumba ya mabati mekundu alitoka akapapasa mbavu. Kijana wa pikipiki alisimama, akazima injini, akapapasa mbavu, akauliza kama jana mbwa alimaliza kikombe chake cha chakula. Mtu mmoja alitaka kumtupia mfupa, wengine wakamkemea kabla Mama hajafungua kinywa: "Wacha! Amekatazwa hiyo!" Nilisimama pembeni nimefura. Nilikuja kutembea na mama yangu, na nikajikuta nangoja foleni.

Kuna jioni moja nilipiga simu nikasikia vicheko nyuma yake.

"Nani hao?"

"Ni watu. Nilikuwa na homa, hatukutoka. Wamekuja kuuliza mbona hatujapita."

"Una homa? Mbona hukuniambia?"

"Si nakuambia sasa." Akakohoa. "Wamepika uji. Wewe lala."

Sikulala. Nilikasirika usiku kucha na sikujua nimemkasirikia nani.

Mwezi wa nane ulifika kama kodi ya nyumba. Kaka alinipitia Nakuru akiwa na pikapu, na njia nzima aliongea kuhusu mnunuzi wa ng'ombe aliyempata Rongai. Nilimwambia mbwa bado. Nilimweleza kuhusu mifupa, kuhusu mwaka na nusu. Akasema makubaliano ni makubaliano, na kwamba mbwa anayetembezwa kwa kamba kama mgonjwa hamzuii mtu. Chumba kule nyumbani nilikuwa nimeshakitandika.

Tulifika jua likianza kulala kwenye ngano. Lango lilikuwa limefungwa kwa mnyororo mpya. Kaka akapiga honi, kimya. Akaita, kimya. Nikapiga simu, haikuingia. Moshi hakuna, mbwa habweki, ng'ombe wametulia zizini. Kile kifuniko cha kopo la maziwa kilinijia akilini.

"Wewe kaa," kaka akasema. Akaweka mguu kwenye ubao wa lango, akapanda.

"We! Shuka hapo!"

Ilikuwa sauti ya yule mzee wa viazi. Alikuwa anakuja mbio za wazee, na jembe mkononi. Kabla hajatufikia, pikipiki ya maziwa ilitokea upande wa pili ikasimama pua kwa pua na pikapu, injini ikanguruma. Mwanamke wa mabati mekundu alikuwa tayari barabarani, simu sikioni, akisema, "Ndio, kwa mama wa mbwa. Gari nyeupe. Watu wawili."

"Mzee, hapa ni kwetu," kaka akasema, mguu mmoja ukiwa bado juu.

"Kila mtu husema hivyo. Shuka kwanza."

"Mimi nimezaliwa hapa!"

"Sawa. Na mara ya mwisho umelala hapa ni lini?"

Kaka alishuka. Nikajitokeza mbele, nikijua mimi ananifahamu. Mzee alinitazama vizuri.

"Wewe nakujua sura, ulipita na shosho siku moja. Lakini huyu simjui, na shosho hajatuambia ako na wageni. Ngojeni hapo. Saa hii ako kwa daraja."

"Ako kwa daraja anafanya nini?"

"Anapumzisha mbwa. Ni saa yao."

Watu wakaongezeka. Hakuna aliyetutukana, ila hakuna aliyetupisha pia. Tulisimama mbele ya lango la kwetu, watoto wawili wa nyumba hiyo, tukilindwa kama mizigo isiyo na mwenyewe. Kisha kwenye kona ya barabara nikaliona sweta la Baba, na kando yake kichwa kile kipana. Nilitaka kupiga kelele kwa furaha. Mama alituona. Aliona pikapu, aliona umati, na alijua ni mwezi gani. Wakati huohuo mbwa akaketi.

Mama akasimama. Hakuvuta kamba. Alingoja, akitazama ngano.

"Si aje tu," kaka akanong'ona. "Si amvute."

"Hiyo mbwa haikimbizwi," kijana wa pikipiki akamwambia.

Kwa hiyo tulingoja, barabara nzima, mpaka mbwa akaridhika akainuka. Alitembea vizuri. Mguu wa kulia ulikuwa umenyooka kabisa. Wa kushoto bado ulitazama nje kidogo. Alimfikia kaka, akamnusa kiatu, kisha akaegemeza uzito wake wote kwenye goti lake, akafumba macho.

"Mum," kaka akasema, "hii ndio mbwa ya kutisha watu?"

"Hapana. Huyo bado ni mtoto." Mama alitoa ufunguo mfukoni lakini hakuutia kwenye kufuli. "Umeweza kuingia?"

"Kuingia wapi?"

"Hapa. Nilipokuwa sipo. Umeweza kuingia?"

Kaka alimtazama mzee na jembe lake, akatazama pikipiki, akatazama lile goti lililoegemewa.

"Hao ni watoto wangu," Mama akawaambia wale watu. "Asanteni." Ndipo akafungua lango.

Kuhusu mnunuzi wa Rongai hatukusikia tena. Tulikunywa chai, kaka akauliza kuhusu kikombe cha kupimia, na kabla hatujaondoka alipapasa mbavu na kusema anazisikia nne. Tulipotoka, mzee wa viazi alituinamia dirishani. "Siku ingine shosho atuambie kama mnakuja," alisema. Kaka yangu, ambaye hajawahi kupokea amri ya mtu, alisema, "Sawa, mzee."

Nilifurahi. Nilifurahi kweli, na niliona wivu ulionichoma hadi tulipoteremka Njoro. Niliingia nyumbani nikaketi juu ya kile kitanda cha mtu mmoja. Nimekaa mtaa huu tangu nijifunze kushona, na nilijaribu kufikiria ni nani angeuliza nisipopita. Nilifikiri mpaka chai ikapoa.

Jumatatu jioni nilifunga duka mapema nikatoka kutembea, bila mbwa, polepole, nikijilazimisha kusimama penye kila lango. Miguu yangu ilitaka kukimbia. Nilipofika pale anapouza mboga mwanamke mmoja, hatua chache tu kutoka mlangoni kwangu, alinitazama kwa muda.

"Umepotea, madam? Unatafuta nani?"

"Hapana," nikamwambia. "Nakaa hapa."

"Hapa wapi?"

Nikageuka nikamwonyesha.